Usirudishe Mkanda na Picha Ikionekana

Juzi kijana wa jirani yangu hapa Nkoroi alinikuta nimetandaza waya zangu kwenye mkeka, nazifuta vumbi moja moja.

"Anti, hizi charja zote ni za simu gani?"

Nikamwambia si charja. Akaokota kamera yangu ya zamani, akafungua kale kafuniko ka mpira kalikoko ubavuni, akachungulia ndani. "Na hizi mashimo zote? Ama hii kitu ilikuwa inapumua?"

Nilicheka. Lakini alipoondoka nilianza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri siachi mpaka jambo liniache lenyewe. Nikaona hana makosa, hakuna aliyemweleza. Nyinyi mnarekodi harusi kwa simu, na kabla keki haijakatwa shangazi wa bi harusi aliye ng'ambo ameshaiona. Sisi picha tulikuwa tunaihamisha kutoka tundu hadi tundu, kama mtu anayebeba maji kwa viganja, na njiani ingeweza kumwagika yote. Basi nisikilizeni niwaeleze habari za yale matundu, na za mkanda mmoja ambao hadi leo nikipita Isinya nauona.

Kazi hii niliingia kwa kukosa nyingine. Nilifika Kitengela miaka ya tisini nikiwa na shahada ya hesabu na woga wa kila kitu. Niliogopa mbwa, niliogopa usaili, niliogopa kuvuka barabara ya Namanga kwa sababu ya malori ya mawe. Bwana Mutisya, mtu wa kwetu Machakos, alikuwa na studio ya picha nyuma ya duka la chakula cha kuku. Alikuwa amepata kamera ya video, ile kubwa ya kuwekwa begani, na alihitaji mtu wa kusoma kitabu cha maelezo. Yeye hakuwa na subira ya vitabu.

"Digrii," alianza kuniita hivyo siku ile ile, "wewe soma. Mimi nitabonyeza."

Nilisoma. Nilisoma hata kurasa za Kijerumani, nikihofia kwamba huenda Wajerumani wameonywa jambo ambalo sisi hatukuonywa.

Na sijui kama mtanielewa nikisema kwamba tulielewana vizuri sana. Mutisya alikuwa na mkono mtulivu na jicho la picha ambalo halifundishwi. Mimi nilikuwa na hofu. Studio inahitaji vyote viwili.

Kamera zilibadilika. Ile ya begani ikaondoka, ikaja ya kushika kwa mkono mmoja, kisha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ikaja hii aliyoiona kijana wa jirani, yenye kaseti ndogo kama kiberiti na kioo cha kukunjua pembeni. Ukishamaliza kurekodi ulizungusha swichi, na ile ile kamera ikawa mashine ya kuonyesha. Chini ya kile kifuniko cha mpira palikuwa na tundu la maikrofoni, tundu la vipokea sauti, tundu bapa la kwenda kwenye kompyuta, na tundu la mviringo lililotoa waya wenye vichwa vitatu: manjano, nyeupe na nyekundu. Mutisya alinifundisha hivi: manjano ni macho, nyeupe na nyekundu ni masikio. Ukiona televisheni inasikia lakini haioni, usimlaumu fundi, tafuta manjano.

Hilo tundu la maikrofoni wengi walidhani ni pambo. Mimi nalikumbuka kwa ajili ya Mwende.

Mwende aliolewa kanisani hapo Kitengela na kijana wa machimbo ya mawe. Walipomaliza viapo, wageni wakamzunguka Mutisya, wanataka kuona. Akarudisha mkanda, akawachezea viapo kwenye kile kioo kidogo, wakapiga vigelegele. Kisha chakula kikatolewa, naye akabonyeza kurekodi pale pale mkanda ulipokuwa umesimama. Vijana, hii ni sheria: ukichezesha katikati ya kazi, nenda kwanza hadi mwisho wa ulichorekodi, ndipo uendelee. Tulipofika studio tukaona mchungaji anamuuliza Mwende kama amekubali kuolewa, na badala ya Mwende kujibu, akapita mwanamume amebeba sufuria ya pilau.

Tukaweka picha ya kawaida ya maharusi mahali pale, lakini sauti ya "ndiyo" ilikuwa imekwenda. Ikabidi waitwe. Bwana harusi alikuja moja kwa moja kutoka machimboni, mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope.

"Sema tu ndiyo," Mutisya akamwambia Mwende, "kama siku ile."

Mwende akamtazama mumewe kuanzia viatu kwenda juu. "Siku ile alikuwa ameoga."

"Mwende, bwana," Mutisya akamsihi.

"Ngoja nifikirie. Nani aliniambia ataacha kuingia na hizo buti mpaka kwa kitanda?"

"Nitaacha," mume akasema.

"Semea hapo kwa maikrofoni."

Akaisemea. Ndipo Mwende akasogea, akashusha pumzi, akasema "Ndiyo." Mimi nilikuwa nimevaa vipokea sauti, na nawaambia, ilikuwa bora kuliko ya kanisani. Ile ya kwanza aliisema akimwogopa mchungaji.

Sasa kurudisha mkanda. Kulikuwa na njia mbili. Ukisimamisha kwanza, kisha ukarudisha, mkanda ulikimbia kimya na televisheni ikabaki buluu. Ukirudisha huku unacheza, picha ilionekana, watu wanatembea kinyumenyume, mvinyo unapanda kutoka gilasi kwenda chupani. Mutisya aliipenda sana njia hii ya pili kwa sababu watoto walicheka. Aliiacha siku moja, na haikuwa kwa kupenda.

Tulikuwa tumeitwa boma moja upande wa Isinya, tuwaonyeshe harusi yao. Televisheni ilikuwa ndogo, ya betri ya gari. Kwa Wamasai, binti akitoka kwa baba yake kwenda kuolewa, hageuki nyuma. Hubarikiwa, huanza kutembea, na hata akiitwa shingo haigeuki. Akigeuka, wanasema, atakuwa jiwe. Basi tukawaonyesha, bi harusi akatoka, akatembea vizuri, akafika kwa mumewe, watu wakafurahi. "Tena!" wakasema. Mutisya akarudisha mkanda, picha ikionekana.

Bi harusi akatoka kwa mumewe kinyumenyume. Akapita njia yote kinyumenyume. Akaingia nyumbani kwa mama yake mgongo kwanza.

Nyanya yake, Koko ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike, aliruka akaifunika televisheni kwa shuka yake.

"Umemrudisha! Nani amekutuma umrudishe mtoto?"

"Koko, ni mkanda tu."

"Basi mpeleke tena."

"Nimpeleke nani?"

"Mtoto! Mpeleke kwa bwana yake. Mpaka afike."

Hapakuwa na la kujadili. Mutisya akaanza upya. Akajaribu kuharakisha ili tusichelewe, Koko akagonga meza kwa fimbo. "Unamkimbiza kwa nini? Yeye ni swara?" Ikawa mwendo wa kawaida, wimbo kwa wimbo, na betri inaanza kuchoka. Picha ikawa inasinyaa kutoka pembeni. Nilikaa pale nikihesabu nyimbo zilizobaki na kumwomba Mungu, kwa sababu kama betri ingekufa bi harusi akiwa njiani, tungebaki Isinya hadi kesho. Alifika kwa mumewe akiwa mdogo kama kidole gumba. Koko akachukua shuka yake, akasema "Haya. Sasa kunyweni chai."

Tangu hapo sheria ya studio ikawa: simamisha kwanza, ndipo urudishe. Mutisya aliiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuko wa kamera.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hatukukubaliana kamwe, nalo ni kaseti zilizotumika. Mutisya akishamaliza kukata na kuunganisha harusi, akampa mwenyewe kaseti yake kubwa ya deki, ile mashine ya video ya kuwekwa chini ya televisheni, zile ndogo za asili alizirekodia harusi nyingine juu yake. Mimi niliwaza: na kama kaseti kubwa itaungua? Na kama itaibwa? Na kama kuna kitu tulikata na siku moja kitatafutwa? Kila kaseti ndogo ina kipande cha plastiki mgongoni. Ukikisukuma upande mmoja, kamera inakataa kuirekodia. Nilikuwa navisukuma vyote. Mutisya akiweka kaseti, alama inamwakia kwenye kioo, anapiga kelele: "Digrii! Umefunga tena!" Kisha anachukua mpya, kwa uvivu wa kutafuta ukucha wa kukisukumia.

Ndivyo mkanda wa Nashipae ulivyopona.

Nashipae nilimrekodi mimi mwenyewe, peke yangu. Nyumbani kwao ni ndani kidogo kutoka Isinya. Harusi yake haikuwa na furaha nyingi, na hata mgeni angeliona. Alikuwa ameitwa chuo cha ualimu, baba yake akasema harusi kwanza. Baba huyo, Mzee Lekishon, alikuwa mtu wa maneno machache na uso mkavu. Alimwekea binti mkono kichwani, akamtemea maziwa ya baraka kifuani na kwenye paji la uso, akasema yake mafupi, akageuka akaenda. Nashipae akaanza kutembea. Mimi nilikuwa mbele yake, narudi nyuma hatua kwa hatua, kamera jichoni, nikiwaza mashimo ya panya, nikiwaza alama ya betri iliyokuwa inawaka, nikiwaza kama mkono unatetemeka. Nilirekodi hadi pale gari lilipokuwa linasubiri, kwenye mti wa miiba ulioinama. Mutisya alipokata mkanda, aliishia langoni, akaweka maua yanayozunguka na wimbo. Hayo mengine hakuna aliyeyaona.

Miaka ikapita. Siku moja mama yake Nashipae aliingia studio na shanga zake zote, akakaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti.

"Takwenya," nikamwamkia.

"Iko," akaitikia. "Wewe ndiye ulikuwa unarudi nyuma na ile kitu kwa jicho."

"Ni mimi, mama."

Akanieleza. Mzee Lekishon alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi umekufa. Watoto wote wamefika kumwona ila Nashipae. Alikuwa anaishi Kajiado mjini na mumewe, si mbali, lakini tangu siku ile ya harusi hakuwa amekanyaga kwao.

"Anasema siku ile alisikia viatu ya baba yake ikienda. Hajafika hata kwa lango, na viatu inaenda. Anasema, huyo mzee alikuwa amechoka na mimi, hakungoja hata nitoke. Mimi nilikuwa kwa mlango. Mimi niliona. Hakuwa anaenda, alipita ndani ya ua, kando ya miiba, akitembea na yeye mpaka ua ikaisha. Nimemwambia. Anasema, Yieyo, mama yangu, unamfunika mzee wako." Akanyoosha kidole kwenye kamera iliyokuwa mezani. "Mimi niko na maneno, lakini maneno yangu hataki. Hiyo kitu iliona?"

Ningependa kuwaambia nilikumbuka. Sikukumbuka kitu. Nilikuwa nimemtazama Nashipae tu na alama ya betri.

Nikaitafuta kaseti, nikaipata. Mutisya akasema, "Si uichezeshe uone?" Lakini kamera ilikuwa imezeeka, kichwa chake cha kusomea mkanda kimechoka, na wiki chache kabla ilikuwa imemeza kaseti ya kwaya moja ikaitoa imekunjamana kama tambi. Kamera nyingine tulizokuwa nazo zilikuwa za diski. Nikawaza: nikiichezesha hapa na ikaliwa, huko Kajiado nitaonyesha nini? Nisipoichezesha, na huko ikaonekana kwamba mzee kweli aliingia ndani akafunga mlango, nitakuwa nimempelekea mtoto wa watu ushahidi wa jambo baya zaidi, mbele ya mama yake. Nilizunguka meza ile mpaka Mutisya akanishika bega.

"Digrii. Nenda nayo. Lakini nenda na deki."

Ushauri wake huo uwekeni akilini hata leo: kitu cha zamani usikichezeshe bila kukirekodi. Kikifa, kife kimeacha mtoto.

Kule Kajiado, Nashipae alitupokea mimi na mama yake vizuri, kama anavyopokewa mgeni ambaye habari yake inajulikana na haitakiwi. Alimpa mama yake kiti kizuri. Mumewe, Parsaloi, mtu mcheshi wa kuuza dawa za mifugo, akanisaidia kugeuza televisheni. Nyuma yake hapakuwa na tundu la manjano wala nyeupe, lilikuwepo la antena peke yake. Kwa hiyo: vichwa vitatu kutoka kamera kwenda deki, na kutoka deki waya wa antena kwenda televisheni. Tundu la kamera lilikuwa limelegea, ukiachilia waya picha inakatika. Ikabidi nikae chini sakafuni, nimeikandamiza plagi kwa kidole gumba, na siwezi kuondoka. Ningetamani kuwapisha. Sikuweza.

"Yieyo, nakuheshimu," Nashipae akasema kabla sijabonyeza. "Nitaona. Lakini nikiona, na haiko, hii mambo iishe. Usinitumie mtu tena."

"Iishe," mama yake akasema.

Nikabonyeza deki irekodi, nikabonyeza kamera icheze. Ikalia kidogo, ikatulia. Mkono wa mzee kichwani. Maziwa. Mzee anageuka, anatoka kwenye picha. Na kweli, viatu vyake vya matairi vilisikika vinaenda, pa, pa, pa. Nashipae akatikisa kichwa taratibu. Kisha akawa anatembea kuelekea kwetu, macho chini, na nyuma yake lango, na kando ya njia ua wa miiba.

Juu ya miiba palikuwa na kitu chekundu, kidogo kama punje.

"Huyo," mama akasema.

"Hiyo ni fito ya ua, Yieyo."

"Fito haitembei," Parsaloi akasema.

"Ni mtu yeyote basi. Watu walikuwa wengi."

Kamera ile ilikuwa na kitu kimoja ambacho karibu hakuna aliyekitumia: kukuza picha wakati wa kuchezesha. Na picha iliyokuzwa hivyo haitoki kwenye lile tundu bapa la kompyuta, hutoka kwenye manjano tu. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani na kulionea huruma, kwamba mtu alikaa akatengeneza kitu ambacho hakitatumika. Nikasimamisha picha, nikaikuza kwa mkono wangu mmoja ulio huru, nikaisogeza hadi kwenye ua, nikaiacha iende polepole.

Ikawa vipande vya rangi, kama shanga. Huwezi kusema hapa ni pua, hapa ni jicho. Shuka nyekundu, mstari wa fimbo, bega moja limeshuka. Nashipae anapiga hatua, kile chekundu kinasogea. Anasimama wenzake wampangie nguo vizuri, nacho kinasimama. Anaendelea, kinaendelea.

Nilihisi kidole gumba kinakufa ganzi.

"Anatembea hivyo na ndama mgonjwa," Nashipae akasema mwishowe, na hakuwa anasema na sisi. "Hamwiti. Hamgusi. Anatembea tu kando yake."

Ua ukaisha. Kile chekundu kikasimama pale miiba inapokoma, fimbo ikainuka juu, ikabaki juu. Ilikuwa bado iko juu kamera ilipofika kwenye mti ulioinama na picha ikaishia hapo.

"Hakuwa anaenda," mama akasema. "Alikuwa anazunguka."

"Rudisha," Nashipae akaniambia.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kusimamisha, kwa sheria ya studio. Akaniona.

"Hapana. Nataka nione ikirudi."

Nikamtazama mama yake. Nilimkumbuka Koko na shuka yake, nikawaza televisheni hii ni kubwa, haitafunikika. Mama alikuwa anayatazama magoti yake.

Nikaipunguza picha ikawa nzima tena, nikarudisha, polepole, ikionekana. Fimbo ikashuka. Nashipae akaanza kwenda kinyumenyume kutoka garini, na kile chekundu juu ya miiba kikarudi naye, hatua kwa hatua, hadi langoni. Mzee akaingia kwenye picha mgongo kwanza, akageuka, akawa mbele yake. Mkono ukafika kichwani. Kidogo tu na maziwa yangeanza kumtoka kwenye paji la uso.

"Simama hapo," Nashipae akasema. "Hiyo usirudishe."

Nikasimamisha. Picha ikabaki imeganda, mkono wa mzee juu ya kichwa cha binti. Kamera zile zilikuwa hazivumilii picha iliyoganda. Baada ya dakika chache zilijiachilia zenyewe ili kichwa kisikwaruze mkanda. Tulikaa hivyo mpaka ikabofya na kioo kikawa buluu. Nilipoinua macho, Nashipae alikuwa mlangoni anafunga shuka begani.

"Parsaloi, gari iko na mafuta?"

Kurudi Kitengela kutoka Kajiado unapita Isinya, kwa hiyo nilipanda nao, deki magotini, kaseti mbili mkobani. Tulipoacha lami na kuufikia ule mti wa miiba ulioinama, Nashipae alimwambia mumewe asimamishe. Mama akataka kushuka naye, akamzuia kwa mkono. Akaanza kutembea peke yake kuelekea ua.

Mzee alikuwa ametolewa nje, amekaa kwenye kiti karibu na lango, fimbo mapajani. Alimwona. Ulimi haukuweza, mkono mmoja haukuweza, lakini fimbo ilianza kuinuka.

Mimi nilikuwa na kamera. Betri ilikuwa bado ina nguvu. Nikawaza: niitoe? Je, ni heshima? Jua liko nyuma yao, watatoka weusi. Kaseti tupu sina, na hii ndogo iliyo mkobani siwezi kuirekodia, nimeifunga mwenyewe. Na nikifungua kile kiplastiki, je, si nitafuta ile ya kwanza? Na kama nikianzia pale ilipoishia, pale kwenye huu mti?

Nilipomaliza kufikiri, alikuwa ameshafika.